Mzee Aliyevaa Kama Maiti

Sinia tuliliacha hewani, msomaji, na wiki nzima mmekuwa mkiniuliza litatua wapi. Limetua kwenye mguu wa Shangazi Liau.

"Kidole changu," alisema Shangazi Liau. "Nimetoka Tainan na vidole kumi, narudi na tisa."

Vikombe sita vya chai vilitawanyika juu ya mikeka. Bi Sakuma, mwenye nyumba ya wageni, ambaye sinia lilimponyoka, hakuviangalia, wala hakuona kwamba Shangazi Liau ameingia ukumbi wa chakula na makubazi ya msalani. Siku nyingine angezimia kwa hilo tu. Leo macho yake yote yalikuwa kwa Mzee Kuo, aliyesimama mlangoni.

Mzee alivaa joho la pamba la buluu la nyumba ile, sawa na wageni wote. Lakini wenzake walikunja upande wa kushoto juu ya kulia. Yeye alikunja kulia juu ya kushoto. Huku Japani hukunjiwa hivyo mtu mmoja tu, naye huwa keshalazwa ndani ya sanduku.

Aliyemkunjia ni mwongozaji wa safari, Wan-chen. Alimfuata chumbani, akamwambia kwa sauti ya asali, "Mzee wangu, wanaume wanakunja hivi," na mkanda akamfunga yeye mwenyewe.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikunong'oneze. Miaka kumi na miwili iliyopita, katika nyumba hii hii ya Yukimori, mstaafu wa kwetu Tainan, Mwalimu Yeh, aliachwa kwenye bwawa la maji moto la juu mlimani. Theluji ikafunga njia, na kesho yake wakamkuta amekufa. Mwenye kampuni ya safari alikuwa Mzee Kuo. Mwongozaji alikuwa Bi Fan, mama yake Wan-chen. Picha iliyotoka magazetini ilikuwa ya mtu mmoja akipiga magoti kuomba radhi, na mtu huyo hakuwa Mzee Kuo.

Tangu hapo Bi Fan ni mfungwa wa nyumba yake. Muuza samaki wa sokoni alimwambia akanunue kwingine. Simu ikilia anaiangalia mpaka inyamaze. Binti yake, anayetumia ukoo wa baba, alisomea uongozaji kwa ajili ya siku moja tu, na siku yenyewe ndiyo hii. Leo nyumba ya Yukimori inafanya kumbukumbu ya kumi na tatu ya Mwalimu Yeh, maana Wajapani siku ya kifo huihesabu kuwa ya kwanza. Wan-chen anataka Mzee Kuo apige magoti mbele ya picha ya marehemu, watu wa kwao wakimwona, na aseme kwa kinywa chake kwamba aliyemwacha mtu kwenye theluji ni yeye. Joho lilikuwa pilipili ya kuongezea tu.

Haya, turudi ukumbini.

Bi Sakuma alishuka chini, akaweka paji la uso kwenye mkeka. Alisema kwa Kijapani, "Kosa ni letu. Hatukumwelekeza mgeni vizuri. Tunaomba radhi kutoka moyoni."

Watu kumi na wanane walimgeukia Wan-chen. Yeye ndiye aliyekuwa na kipaza sauti, na yeye ndiye aliyekuwa masikio yao.

"Anauliza," alisema Wan-chen, "ni marehemu gani huyu aliyekuja kula na walio hai."

Ukumbi ulipoa.

"Sasa mbona anamsujudia?" aliuliza Shangazi Liau.

"Marehemu husujudiwa, Shangazi."

"Ndiyo desturi yao?"

"Ndiyo desturi yao."

"Basi tusionekane washamba." Shangazi Liau akapiga magoti na kidole chake kilichovimba, na kikundi kizima kikamfuata. Bi Sakuma aliinua kichwa, akaona wageni wote wako chini, akaingiwa na hofu kwamba kosa ni kubwa kuliko alivyodhani. Akainama tena, chini zaidi. Watu wetu wakainama chini zaidi. Huyu akichungulia, wale wanazama. Wale wakichungulia, huyu anazama. Mhudumu mmoja aliyeleta supu alisimama nayo mpaka ikaota utando.

Aliyecheka alikuwa mmoja, Mzee Kuo mwenyewe. Alipita katikati ya migongo iliyoinama, akaenda kuketi mahali pake. Bi Sakuma alimfuata kwa magoti akimsihi amrekebishie joho. Mzee akaushika mkanda kwa mikono miwili, akatikisa kichwa.

Wan-chen hakulipenda lile cheko. Mtu aliyetahayari hacheki hivyo.

Chakula kikaendelea, kama kuendelea ndiko kule. Shangazi Liau, kwa ukarimu wetu ule wa kulishana, alibana kipande cha samaki kwa vijiti vyake akampa jirani yake, naye jirani akakipokea kwa vijiti vyake. Wahudumu wakaganda. Kwao, kijiti kwa kijiti hupokezana mifupa tu, siku ya kutoka kuchoma maiti.

"Mbona wanatutolea macho?" aliuliza Shangazi Liau. "Samaki wao au wetu? Si tumelipia?"

Wan-chen alikuwa amechutama kando ya Mzee Kuo, anammiminia chai.

"Joho limekukaa, Mzee wangu."

"Limenikaa. Umefunga mkanda vizuri." Mzee alipuliza chai. "Mama yako naye alikuwa fundi wa kufunga."

Birika likagonga meza.

"Mama yangu unamjulia wapi?"

"Binti, hayo macho si ya baba yako. Nilikujua tangu uwanja wa ndege."

"Na bado ukapanda ndege?"

"Nilipanda."

"Basi hujui nilichokuandalia."

"Miaka thelathini nimeleta watu Japani," alisema Mzee Kuo, akichagua kipande cha figili. "Unadhani sijui maiti wao wanavyovishwa? Nilikuona unavyonikunja, nikanyoosha mikono."

Fikiria, msomaji. Unachimba shimo miaka kumi na miwili, unalifunika kwa majani, unajificha. Halafu mnyama anakuja, anakusalimu, anajirusha mwenyewe. Wan-chen aliona hasira inampanda kwa kunyimwa hata utamu wa kutega.

"Kikaratasi changu cha kutangaza safari hii kwa bei ya chambo," alisema, "nilikiingiza chini ya mlango wako kwa mkono wangu huu."

"Nilikikuta. Lakini niliangalia tarehe ya safari, bei sikuitazama. Ningekuja hata kwa miguu."

"Kuja kufanya nini?"

"Kuinama."

"Basi utainama na utasema. Utawaambia watu kwamba wewe ndiye uliyemruhusu Mwalimu Yeh arudi kule juu."

"Kuinama nitainama. Kusema, hapana."

"Kwa nini?"

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

Mzee Kuo akatia figili mdomoni, akatafuna polepole, akameza.

Lazima nikwambie kwa nini Wan-chen hakuwa na chembe ya shaka. Siku ile ya theluji alikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko likizo ya chuo, na mama yake alikuja naye amsaidie kazi. Yeye ndiye aliyesimama kwenye geti la chini watu wakishuka kutoka bwawani, akawahesabu kwa kidole, kichwa kwa kichwa, wakawa ishirini na wawili. Walitimia. Sasa kama walitimia, Mwalimu Yeh alirudi juu baada ya kuhesabiwa. Na mwenye kauli ya kumruhusu mtu arudi, mwenye funguo za geti mkononi, alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyu anayetafuna figili. Hesabu ile ndiyo iliyomlisha chuki yake miaka yote. Kila alipomwona mama yake amekaa gizani, aliirudia: ishirini na wawili, walitimia.

Mlango wa karatasi wa upande wa pili ukasogezwa. Picha ya Mwalimu Yeh ilikuwa juu ya meza ndogo, amevaa miwani, ametabasamu nusu. Bi Sakuma akawasha ubani.

Wan-chen aliinuka na kipaza sauti.

"Ndugu zangu wa Tainan," alisema, "yule pale mnamjua?"

"Si Mwalimu Yeh yule?" sauti moja ikajibu. "Alimfundisha kaka yangu."

"Ndiye. Na huyu hapa, mliyekula naye siku tatu, ni Kuo Teng-fa, mwenye ile kampuni iliyomwacha huku."

Kama ungemwaga maji ya moto kwenye kichuguu, usingeona mtawanyiko ule. Waliokuwa karibu na Mzee walihamisha mito yao. Mmoja akahamisha hata bakuli.

"Wewe ndiye Kuo wa ile kampuni?" alisema Shangazi Liau. "Mimi nimekugawia maembe yangu makavu siku tatu, nakuonea huruma uko peke yako?"

"Yalikuwa matamu, Shangazi."

"Yakukwame."

Mzee Kuo akasimama. Joho lake la kimaiti likamfunika mpaka kwenye kifundo cha mguu. Alitembea hadi mbele ya picha, akapiga magoti, akaweka mikono chini, kisha paji la uso. Akakaa hivyo. Mgongo wake ulikuwa mwembamba kama wa mtoto.

Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Wan-chen aliutazama ule mgongo, akamwona mama yake katika ile picha ya gazeti, magoti yale yale, mkeka ule ule. Kifua chake kikafunguka. Alitamani mama angekuwepo, na muuza samaki naye, na samaki wake.

"Sasa sema," alimwambia.

Mzee alibaki ameinama.

"Sema nani alimwacha."

"Sema, wewe," wakadakia watu.

Paji la uso likabaki kwenye mkeka, na moshi wa ubani ukimpitia juu.

Hapo ndipo Bi Sakuma alipomwendea Wan-chen, akiwa ameshika kitabu cha jalada la kitambaa kwa mikono miwili. Aliinama.

"Bi mwongozaji, hiki ni kitabu cha nyumba hii," alisema kwa Kijapani. "Marehemu mama mkwe wangu aliandika humu yaliyotokea siku ile. Alitutoka majira ya kuchipua. Aliacha wosia kwamba kwenye kumbukumbu ya kumi na tatu kisomwe mbele ya picha. Mimi sina Kichina. Tafadhali, wasomee watu wa kwao."

Wan-chen nusura amkumbatie. Mzee kakataa kusema, sasa kitabu kitasema. Akafungua palipowekwa uzi mwekundu. Maandishi yalikuwa ya brashi, makubwa, ya mtu asiyekuwa na haraka.

"Tulieni," aliwaambia watu. "Huu ni ushahidi wa mwenye nyumba aliyekuwepo. Nafasiri neno kwa neno."

"Sogeza kipaza sauti," alisema Shangazi Liau. "Nataka nisikie hata nukta."

Akaanza. Alisoma mstari kwa Kijapani kimoyomoyo, akautoa kwa Kichina kwa sauti.

"'Wageni ishirini na wawili wa Taiwan walipanda bwawa la juu saa nane mchana. Saa tisa theluji ilizidi. Nilimtuma mtu awaambie washuke.'"

"Endelea."

"'Waliposhuka, Bwana Kuo alikuwa amesimama nami penye geti, ana funguo.'" Wan-chen akamtupia jicho yule mzee. "Mmesikia? Ana funguo. 'Niliuliza mara mbili, wametimia? Aliyehesabu akajibu mara mbili, wametimia. Ndipo akafunga.'"

"Ndipo akafunga," wakarudia watu, na mmoja akapiga meza.

Wan-chen akasoma mstari uliofuata. Huo hakuutoa.

Mstari ulisema hivi: 'Usiku tuligundua kwamba Bwana Hirose, mgeni wetu wa Niigata, aliyekwenda bwawani peke yake, alishuka katikati ya kikundi kile. Alivaa joho la nyumba yetu kama wao, na kofia ya majani kama wao, akahesabiwa kuwa mmoja wao. Mwalimu hakurudi juu. Mwalimu hakuwahi kushuka.'

Akausoma tena. Kijapani chake kilikuwa kizuri, hakikumwacha na pa kujificha. Alijaribu kuzikumbuka nyuso za siku ile na hakuona hata moja. Aliona majoho ya buluu yakipita kwenye theluji, na kidole chake kikiyagusa hewani, moja, mbili, tatu.

Chini yake palikuwa na mstari mwingine.

'Aliyehesabu hakuwa Bi Fan. Alikuwa binti yake, Chiu Wan-chen. Bi Fan alinipigia magoti niseme ni yeye, maana mtoto ana maisha mbele yake. Na mimi ni mama. Nilikubali.'

"Mbona kimya?" aliuliza Shangazi Liau. "Kitabu kimekatika?"

"Maandishi," alisema Wan-chen. "Maandishi yamefifia kidogo."

Bi Sakuma alikuwa amerudi mezani, amewapa mgongo, anaongeza ubani. Mzee Kuo hakuinua kichwa. Alizungumza akiwa hapo hapo chini, kwa Kijapani laini kabisa ambacho hakuna mtu wa Tainan mle ndani angekifahamu.

"Umefika kwenye jina?"

Wan-chen aliteremsha kipaza sauti.

"Unajua Kijapani," alimjibu kwa Kijapani.

"Tangu kabla hujazaliwa. Hata ulivyomfasiri yule mama vibaya nilisikia." Alivuta pumzi. "Niliapa kwa mama yako kwamba hutajua. Nilikubali haraka, nakiri. Ilinifaa pia. Mwongozaji akibeba lawama, mwenye kampuni analala. Nililala vibaya, lakini nililala."

"Kwa nini hukuniambia hapo mezani?"

"Ningevunja kiapo cha mwanamke aliyekaa gizani miaka kumi na miwili kukitunza?"

"Binti," aliita Shangazi Liau, "unaongea na huyo mtu nini? Tuambie sisi. Nani alihesabu?"

"Nani alihesabu?" wakadaka wengine.

"Taja jina langu," alisema Mzee Kuo chini chini. "Mimi nimebakiza nini? Hao hawajui kusoma humo. Taja jina langu, uende ukamfungulie mama yako madirisha."

Wan-chen alilitazama lile jina lake lililoandikwa kwa brashi. Kisha akawatazama watu wa kwao, vinywa wazi, vijiti mikononi. Hao kesho kutwa watakuwa Tainan. Watalisambaza wanalolisikia sasa mpaka kwenye meza ya yule muuza samaki. Mama atatoka. Mama atanunua samaki. Na adui mwenyewe amelala chini, amempa ruhusa. Angekuwa mjinga gani aikatae?

Akainua kipaza sauti. Sauti ilitoka bila kutetemeka, na hilo lilimtisha yeye mwenyewe.

"'Aliyehesabu,'" alisema, "'alikuwa Kuo Teng-fa.'"

Ukumbi ukalipuka. Kuna aliyemrushia Mzee kitambaa cha kufutia mikono, kikamtua begani. Shangazi Liau alisema maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Mzee Kuo hakujitetea. Alizidi tu kujikunyata pale chini, na kama hukumjua ungesema ametubu.

Bi Sakuma akageuka kutoka kwenye ubani.

Mwanamke yule hakujua Kichina hata cha kuombea maji. Lakini ukurasa ule alikuwa ameukariri mwezi mzima, kila jioni, akijiandaa kwa siku hii. Na jina la mtu ni jina tu, halihitaji mkalimani.

Alikuja kwa magoti mpaka mbele ya Wan-chen. Akaweka kiganja chake juu ya kitabu kilichofunguliwa, kwa upole, kama anayemzuia mtu asimwage kitu.

"Naomba radhi kukukatiza," alisema. "Nimesikia jina la Bwana Kuo. Hapa hatukuandika jina la Bwana Kuo. Hapa tumeandika jina la msichana."

Wan-chen alikishikilia kitabu.

"Tangu jana tunakuita bi mwongozaji tu," alisema Bi Sakuma. "Tumekosa adabu, hatukukuuliza. Wewe jina lako ni nani?"